Ruhusa ya Kumtaja Solange

Kapinga,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na kwaya yenu naijua, haimwachi mtu aende kabla ya kuimba kitabu kizima. Kwa hiyo nina muda. Nimefuta unga mezani, nimekaa. Baba yako bado hajarudi kutoka machimbo ya chokaa ya Kakontwe. Mzigo wako uko mlangoni, umeufunga kamba kama mtu anayehamia nchi nyingine, na Kapolowe ni hapo tu, samaki wa huko tunawala kila Ijumaa.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za maji ya kuchemsha, wala za kujihadhari na wenzako wanaokopa sabuni. Hayo atakuambia baba yako kesho asubuhi, na ukimsikiliza ukiwa unatazama simu ataanza upya. Mimi nina jambo moja, lile uliloniuliza Jumapili juu ya dada yako nikalikwepa.

Tulikuwa tunatwanga majani ya sombe. Ukautua mchi, ukasema: "Mama, kule batatuomba kuanza na histoire moya ya kweli. Niko na ruhusa ya kutaja Yaya Solange?"

Nami nikasema, "Leta chumvi."

Chumvi ilikuwa karibu na goti langu. Uliiona. Ukaenda ukaleta nyingine, ukaiweka kando ya ile ya kwanza, ukashika tena mchi. Tangu siku hiyo hujaniuliza tena. Lakini kesho unaondoka, na Jumapili utasimama mbele ya vijana wa Kapolowe kuwaambia kile mlichofundishwa juu ya mimba na magonjwa na miili yao, na huwezi kwenda bila jibu langu, liwe ndiyo au hapana.

Kwanza nikuambie kwamba sisikii kitu. Siandiki hivyo unihurumie. Tangu kilio cha dada yako nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, isipokuwa mguu hurudi. Pale kilioni wanawake wa parokia walisifu imani yangu kwa sababu sikulia. Walisema, tazameni mwanamke aliyejikabidhi kwa Mungu. Mimi nilikuwa nawaza kama sukari ya chai itatosha.

Watu wananiita Mama Solange kama walivyoniita siku aliyozaliwa. Soko zima linaita jina lake kutwa: Mama Solange, nipimie kopo moja, Mama Solange, karanga zako zina mchanga. Mwanzoni nilidhani kila mwito utanichoma. Haukunichoma. Limegeuka kuwa jina la mama mmoja mnene anayeuza karanga, na naitika bila kufikiri.

Watu wote, baba yako akiwa wa kwanza, wanajua kwamba Solange alikufa kwa malaria. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu, ukasikia mengine kwa wasichana wa bombani. Ulirudi na ndoo kichwani ukanitazama, nami nikakuambia ndoo haijajaa. Ndivyo tulivyoishi, wewe na mimi, tunajua kitu kilekile ndani ya nyumba moja, kila mtu kwenye kona yake, na baba yako katikati anasimulia malaria.

Sasa nikueleze kitu ambacho wasichana wa bombani hawakukijua.

Kabla magoti yangu hayajawa mabovu, kama ninavyowaambia watu, mimi nilikuwa mwanamke wa kuitwa kufunda mabibi-arusi. Pengine unakumbuka kidogo. Tulikuwa tunafunga milango, tunawafukuza wanaume na wasichana wasioolewa, tunagonga vifuniko vya sufuria, na hakuna sehemu ya mwili tuliyoiacha bila kuitaja kwa jina lake. Mficha uchi hazai, tulikuwa tukisema, na bibi-arusi anatazama sakafu. Mimi ndiye niliyekuwa na mdomo. Wenzangu wakiona haya walinisukuma mbele, nami nilisukumika upesi. Nilipenda, Kapinga. Nilipenda kuwaona wale wamama wazima wakishika mbavu kwa kicheko.

Lakini mtoto wako mwenyewe humfundi. Desturi unaijua. Mama anafundisha kupika, kusali na kuamkia wageni. Habari ya mwili ni ya shangazi, dada ya baba. Mama akimwambia binti yake mambo hayo ni kama amemvua nguo mbele ya watu. Na shangazi yenu Marthe alikuwa Kasumbalesa akiuza mitumba mpakani, tunamwona kwa sikukuu na kwa misiba. Sikuona shida yoyote. Shangazi yupo, siku moja atakuja, atafanya kazi yake.

Solange aliniuliza Jumamosi moja asubuhi. Nilikuwa najitayarisha kwenda kumfunda binti wa jirani, naye alikuwa anakunja mikeka nitakayokwenda nayo. Aliongea na mkeka, siyo na mimi.

"Mama, muntu anaweza kubeba mimba mara ya kwanza?"

Sikukasirika. Ingekuwa heri ningekasirika, labda tungegombana na kitu kingetoka. Nilimjibu kwa upole, kama mwanamke aliyelelewa vizuri. "Ayo ni maneno ya shangazi yako. Atakuya mu mwezi ya munane, utamuuliza."

"Sawa, mama."

Akanibebea mikeka mpaka nyumba ya bibi-arusi. Mlangoni nikaipokea, nikamrudisha nyumbani, kwa sababu hakuwa ameolewa. Kisha nikaingia, nikafunga mlango, nikamwambia mtoto wa mwenzangu kila kitu ambacho wangu alikuwa ameniuliza. Siku hiyo nilifunda vizuri sana. Walinipa kitenge.

Mwezi wa nane Solange hakuungoja. Nani angeungoja? Aliwauliza wenzake. Huwa nakusikia ukilitamka lile neno la mafunzo yenu, pair éducateur, kijana anayewaelimisha wa rika lake, kana kwamba kitu hicho kilishushwa hapa Likasi juzi kwenye gari la mradi wenu. Solange alikuwa na waelimishaji rika, Kapinga. Walikuwa wasichana wa darasa lake. Walimpenda, walikaa naye nyuma ya ukuta wa shule, walimpa muda ambao mimi sikumpa. Wakamwambia mara ya kwanza haina hatari. Baadaye, hatari ilipokuja, wakamwambia cha kunywa ili mimba itoke. Hawakuwa watoto wabaya. Walisema walichosikia, na walichosikia kilikuwa uongo, na hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa nao wakaongea. Mmoja wao alilia kilioni kuliko shangazi mwenyewe, nami nikampa chai.

Mimi kweli nilidhani ni malaria. Hilo ulijue, sikuanza na uongo. Alikuwa anatetemeka, nikampa dawa ya malaria, nikamfunika, nikamwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Tulipofika hospitali tulikuwa tumechelewa. Alipokwisha kukata roho, muuguzi mmoja, binti mdogo, alinivuta kando akaniambia haikuwa malaria, akanieleza ni nini. Baba yako alikuwa nje anatafuta gari. Aliporudi akauliza, "Banasema ni nini?" Nikasema, "Malaria." Lilikuwa neno lililo karibu, nikalichukua. Yeye akamwambia kaka yake, kaka yake akawaambia ndugu, padri akalitaja kwenye misa, na baada ya misa nani tena angelirudisha?

Nikaacha kufunda. Nikasema ni magoti.

Kuna methali wanayomtupia mtoto asiye na adabu: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huwa wanaitupa pale sokoni kila siku, msichana akipita na nguo fupi. Wanacheka, nami napima karanga. Sijui kwa nini watu wanadhani maneno hayo yanamtukana mtoto.

Kwako wewe nilikuwa bubu mara mbili. Umebeba jina la mama mkwe wangu. Tangu ukiwa mchanga, unakojolea nguo, ilinibidi nikuheshimu. Hata kukuchapa nilikuchapa huku naomba radhi, na shangazi Marthe alikuwa akikupigia magoti kwa mzaha akikuita mama. Sasa nani anaweza kumwambia mama mkwe wake habari za hedhi? Ulipovunja ungo nilikuwekea vitambaa kitandani, nikatoka nje mbio kama mtu aliyeiba. Nilikuwa nimekwisha kumzika mmoja, na bado nilikimbia. Nimejaribu mara nyingi kuona aibu juu ya hilo. Najua kwa akili kwamba ni aibu.

Halafu wakakuchagua wewe. Katika vijana wote wa shule ile wakachagua mtoto wa nyumba hii. Siku uliyorudi na mfuko wa mafunzo, baba yako aliufungua akidhani umeleta mikate, akatoa ule uume wa kufundishia.

"Kapinga! Ni nini hii? Minye nilizania banakufundisha catéchisme!"

Nawe, bila hata kuinamisha macho: "Papa, ni ya mbao. Hailume."

Nilikimbilia jikoni. Sijui kama nilicheka. Mdomo ulifanya kama unacheka, nikauacha.

Tangu hapo nimekuwa nakusikiliza dirishani, ulipokuwa unajaribu somo lako uani na wasichana wa mtaa. Una mdomo, mwanangu. Ni wangu ule. Unajua mahali pa kunyamaza kidogo ili wacheke, na wanapocheka uso wako unang'aa, na mimi nyuma ya pazia nikajiona nikiwa na kifuniko cha sufuria mkononi. Nakuonya tu juu ya hicho kicheko. Bibi-arusi mmoja wangu, aliyecheka mpaka machozi, alirudi kwangu baada ya majuma machache akaniambia, mama, siku ile sikuelewa kitu, nilicheka kwa sababu nyinyi mlicheka. Nilimwona mzito wa akili. Nikamrudia yaleyale, kwa mizaha ileile, akacheka tena, akaenda zake. Nilikuwa nafurahia kuwa yule anayejua. Inalevya kuliko lutuku, na hakuna anayekuambia umelewa.

Swali la kweli haliji kwenye kikao. Linakuja baadaye, mtu akiwa ameshika kitu mkononi, mkeka au ndoo, akitazama pembeni. Anayekuletea amelala nalo siku nyingi. Kama jibu hulijui, sema hulijui. Na kama lazima aende kwa mtu mwingine, muuguzi au nani, vaa viatu uende naye. Hilo sikulipata katika kufunda. Nimelipata Alhamisi hii, nikiwa na umri huu.

Ulikuwa umekwenda mjini kuchukua karatasi zako. Akaja msichana anakutafuta. Jina lake sikupi. Mnafundishwa kutunza siri za watu, nami nimefuzu masomo hayo dirishani.

"Yaya Kapinga iko?"

"Hayuko."

"Basi nitarudia."

Hakuondoka. Alisimama, akachuchumaa, akachukua karanga kwenye beseni langu, akaanza kumenya pamoja nami. Hapo nikajua. Akamenya kadhaa, kisha akauliza. Swali lake halikuwa lile la dada yako, lilikuwa jingine, na hilo pia sikupi. Na je, unajua mdomo wangu ulifanya nini? Ulijipanga wenyewe: ayo ni maneno ya shangazi yako. Baada ya yote hayo, Kapinga. Maneno yalikuwa yamekaa ulimini yananisubiri.

Nikayameza. Nikamjibu. Nilimwambia yote, wazi, kwa sauti ninayotajia bei ya kopo, kwa sababu siku hizi sina sauti nyingine. Labda ndiyo iliyofaa; hakucheka, hakuinamisha kichwa, aliuliza tena na tena mpaka akaelewa. Kisha nikafunika beseni nikamsindikiza kituo cha afya. Njiani alitangulia mbele ili asionekane yuko na mimi, nikamwacha atangulie. Nilingoja nje chini ya paa. Alipotoka akasema, "Aksanti, mama," akapita njia nyingine.

Nilirudi nikamaliza karanga. Nilidhani nitasikia furaha, au nitalia hatimaye. Sikulia. Niliwaza tu kwamba kumjibu kulichukua muda mfupi kuliko kusonga bukari. Nimekuwa nawaza hilo tangu Alhamisi, nikipika, nikipima, nikifunga mzigo wako.

Basi, jibu lako.

Nimelipima kwa upande wangu. Wauza samaki wa Kapolowe wanafika soko letu kila asubuhi. Utakachosema Jumapili kitafika mezani kwangu katikati ya wiki, pamoja na magamba. Watasema, kumbe Mama Solange, yule aliyekuwa akifunda watoto wa watu! Na watakuwa wamesema kweli. Naogopa. Nakuandikia neno hilo taratibu kwa sababu sijaogopa kitu miaka mingi, na limenishangaza kulikuta bado lipo.

Jina la yule msichana wa Alhamisi litabaki kwangu. La Solange nakupa. Litaje. Usiseme malaria. Usiseme pia kwamba alikuwa mtoto wa kuzurura, wala kwamba alikufa kwa kutojua, kama mnavyosema katika zile picha zenu za mafunzo. Sema aliuliza. Sema alimuuliza mama yake, na mama yake alikuwa anajua.

Lakini baba yako hawezi kwenda kulisikia kwa muuza samaki. Sasa hivi anaingia uani, anakung'uta viatu vumbi la chokaa. Naacha kalamu.

Nimerudi.

Nimemwambia akiwa bado ananawa, kwa sababu akiketi ningempa chakula kwanza, na baada ya chakula ningemwacha apumzike, na kesho ungekuwa umeondoka. Hakupiga kelele. Aliendelea kunawa mikono iliyokwisha kutakata.

"Na weye ulijuaka?"

"Nilijuaka."

"Na Kapinga?"

"Anajua."

Akaweka kopo la maji chini. "Basi ni minye peke yangu."

Hilo lilifika, mwanangu. Sijui lilipita wapi katika ganzi yote hii, lakini lilifika, na ninapoandika bado linauma hapa chini ya mbavu, maumivu kabisa. Miaka yote hii nilidhani namhurumia. Nilimwacha amlilie mtoto ambaye hakufa hivyo, peke yake, wakati sisi wawili tulikuwa na yule wa kweli. Nikamwambia anisamehe. Alitoka akakaa nje juu ya matofali, bukari ikapoa, nikaifunika.

Baadaye akaingia akaniuliza gari lako la kesho ni saa ngapi. Nikamwambia.

"Nitaenda naye," akasema. "Nitalala kule kwa ndugu. Dimanche nitaikala nyuma kabisa, asinione. Nataka kusikia mutoto yangu."

Sikujua anamsema mtoto yupi kati yenu, na sikumuuliza. Amekula kidogo. Sasa anapaka viatu vyake vya misa rangi, na wala si juu yangu kumwambia kwamba mpaka Jumapili vitakuwa vimechafuka.

Mimi sitakuja. Bado siwezi, na leo sitaki kukudanganya kwamba ni magoti. Yeye atakuwepo. Ujifanye hujamwona. Ila ujue kwamba baruti za machimbo zimemla sikio la kushoto, mtu akiongea kwa adabu hasikii, na kuuliza watu walio kando yake umesema nini hataweza. Kwa hiyo ukifika kwenye jina la dada yako, inua sauti.

Mama yako